Makabila Madogo na Amani ya Nchi

Somo letu la mara hii lahusu jambo ambalo watu wengi hulizungumza wakati wa uchaguzi, kisha hulisahau mpaka uchaguzi mwingine. Katika nchi yenye makabila mengi kama Kenya yetu, makabila madogo yana mahali gani, na mahali hapo pana uhusiano gani na amani ya watu wote?

Wengi hudhani kwamba amani hutegemea makabila makubwa tu; wakubwa wakipatana na kupeana mikono, basi nchi imepona. Katika somo hili tutaona kwamba sivyo. Jinsi nchi inavyomtendea aliye mdogo ndivyo itakavyomtendea kila mtu siku atakapojikuta mdogo, na siku hiyo huja kwa wengi wasioitazamia.

Yafaa somo hili lisomwe polepole, na ikiwezekana lisomwe na watu kadhaa pamoja. Mwishoni mna maswali ya kujadiliana.

1. MDOGO NI NANI?

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296 katika Kenya. Kati yao Wakikuyu walikuwa zaidi ya milioni 8, Waluhya karibu milioni 7, Wakalenjin zaidi ya milioni 6, Wajaluo kama milioni 5, na Wakamba zaidi ya milioni 4 na nusu. Ukiyajumlisha makabila hayo matano utapata karibu theluthi mbili ya wananchi wote. Katika hesabu hiyohiyo, Waelmolo wanaovua samaki katika Ziwa Turkana walikuwa kama 1,100 tu, na Wadahalo wa upande wa Lamu hawakufika 600. Shule moja kubwa ya msingi mjini Mombasa yaweza kuwa na watoto wengi kuliko Wadahalo wote wa Kenya.

Lakini hebu tufanye hesabu ya pili. Wakikuyu, ambao ni wengi kuliko wote, hawafiki hata moja ya tano ya Wakenya. Maana yake ni kwamba kila kabila la Kenya ni la wachache, ukiyaweka makabila mengine yote upande wa pili. Hakuna kati yetu anayeweza kusema kwamba habari ya wachache haimhusu.

Udogo wenyewe uko wa namna tatu, na yafaa tuzitenganishe.

(a) Udogo wa idadi. Huu ni wa Waelmolo, Wadahalo, Waboni, Waogiek na wengine walio wachache popote waendapo.

(b) Udogo wa mahali. Mtu aweza kuwa wa kabila la mamilioni, lakini akahamia penye watu wa kabila jingine. Hapo alipo yeye ni mdogo. Mluhya aliyejenga Likoni, Mkikuyu aliyenunua shamba karibu na Eldoret, Mdigo aliyepata kazi Kisumu, wote ni wadogo wa mahali.

(c) Udogo wa karatasi. Huyu ni mtu asiyeandikwa katika vitabu vya nchi. Hata kama yuko hapa tangu babu yake, serikali haina habari naye.

Tutaanza na huo wa tatu, kwa sababu ndio usioonekana upesi.

2. UDOGO WA KARATASI

Wamakonde wa Kwale, wengi wao asili yao ni Msumbiji. Wazee wao walikuja tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya kupigania uhuru wa nchi yao. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wengi walikuwa tayari hapa, wana wake na watoto. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewaandika.

Mtu aliyekuwa na kitambulisho tangu ujana wake haujui uzito wa kadi ile mpaka aikose. Bila kitambulisho huwezi kupiga kura. Huwezi kufungua akaunti ya benki, wala kuandikisha laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo hata fedha za kutumiwa kwa simu wazipokea kwa jina la mtu mwingine. Ukimzaa mtoto, kumpatia cheti cha kuzaliwa ni taabu, na bila cheti hicho kumwandikisha kwa mtihani ni taabu nyingine. Ukikutana na askari njiani, wajieleza upya kila siku. Wamakonde ni mafundi wa kuchonga vinyago ambavyo sifa yake imefika ng'ambo, lakini fundi asiye na karatasi auza kwa mkono wa mwenye karatasi, na mwenye mkono huo ndiye apangaye bei.

Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria mpya ya uraia. Sheria hiyo ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wamekaa Kenya tangu Uhuru, nao wakapewa miaka mitano ya kujiandikisha. Miaka hiyo mitano ikapita, Wamakonde wakiwa palepale. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuna aliyewaonyesha ulipo wala aliyewapokea.

Mwezi wa Oktoba 2016 kundi la Wamakonde lilifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, kwenda kumwona Rais. Hawakubeba silaha wala hawakuziba barabara. Walibeba ombi lao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kuchelewa, akaagiza wapewe vitambulisho. Mwezi wa Februari 2017 alifika Kwale mwenyewe kuvitoa, na Wamakonde wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Baada yao wengine walifuata. Mwezi wa Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitambuliwa kuwa jamii ya 44. Washona, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe na Zambia tangu miaka ya 1960 kuhubiri injili, waliahidiwa uraia siku ya Jamhuri ya mwaka 2020, wakapewa vyeti mwaka uliofuata. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa pwani hii ambao kwa miaka mingi walivua bila kupata leseni kwa majina yao. Vyeti vyao vilitolewa huko Kilifi mwezi wa Julai. Wanubi wao wana hadithi ndefu zaidi. Wazee wao walikuwa askari wa Mwingereza kutoka Sudan, wakakaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwacheleweshea uraia. Hati ya ardhi ya Kibera, ekari 288, waliipata mwaka 2017.

Msomaji mmoja aweza kuuliza: "Watu hawa ni wachache, tena wapole. Wana hatari gani kwa amani?" Swali ni zuri, na jibu lake ni hili. Nchi iliyozoea kumwuliza mtu mlangoni pa ofisi, "Wewe ni wa wapi hasa?", siku moja huanza kuuliza swali hilohilo barabarani. Mwanzoni mwa mwaka 2008, vijana waliweka vizuizi katika barabara za Bonde la Ufa na mahali pengine, wakadai vitambulisho vya abiria ili wayasome majina na kujua makabila. Kadi iliyoundwa kumlinda mwananchi ikatumiwa kumtafutia kosa.

Kumbuka: Kutoandikwa ni jambo la utulivu, lakini humfundisha kila mtu kwamba kuna wananchi kamili na wananchi nusu.

3. UDOGO WA MAHALI

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu, wala haifai tuufiche. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua askari na kuchukua bunduki. Siku zilizofuata, watu waliohamia kutoka bara waliuawa, nyumba na vibanda vyao vikachomwa, na karatasi zikatupwa zikiwaambia waondoke. Watu zaidi ya 100 walikufa, na watu kama 100,000 waliyahama makao yao. Maelfu walikimbilia katika uwanja wa kanisa la Katoliki la Likoni. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, sisi walimu tuliita majina katika daftari na majina mengi hayakuitikiwa. Watoto walikuwa wamekwisha kupelekwa bara, kwa babu ambao wengine hawakuwajua kwa sura.

Watu wale walikuwa wa makabila makubwa. Ukubwa wa kabila lao huko kwao haukuwasaidia lolote Likoni.

Miaka kumi baadaye jambo hilo lilitokea kwa kiasi kikubwa zaidi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 nchi iliwaka. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia ya maelfu walihamishwa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Hao pia walikuwa wa kabila kubwa kuliko yote nchini, lakini pale Kiambaa walikuwa wachache.

Na tusidhani kwamba udogo wa mahali ni wa wageni tu. Tangu mwaka 2013 tuna kaunti 47, na katika kila kaunti kuna kabila lenye nguvu na kabila lisilo na nguvu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mto Tana ulishuhudia mapigano ya Wapokomo na Waorma, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wote wawili ni wenyeji wa pale. Mkulima alitaka ardhi ya kando ya mto, mfugaji alitaka njia ya ng'ombe kwenda majini, na wakati huohuo viti vya kaunti mpya vilikuwa vikingoja uchaguzi. Ugomvi wa zamani ulipata sababu mpya.

4. KABILA NI KUNI, SI KIBERITI

Twaweza sasa kuuliza chanzo ni nini. Je, watu hupigana kwa sababu wana lugha mbalimbali? Hapana. Likoni watu wa bara na wa pwani walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi, wakinunua samaki na mboga sokoni kwa mama mmoja, watoto wao wakikaa dawati moja. Lugha hazikubadilika usiku mmoja. Kabila ni kuni. Kuni zaweza kukaa jikoni mwaka mzima bila kuwaka. Hazina budi kupata kiberiti.

Viberiti ni vinne, na karibu kila tume iliyochunguza machafuko katika nchi yetu imevikuta.

(i) Ardhi. Tatizo hili laanzia wakati wa ukoloni, watu walipohamishwa na mashamba kugawanywa bila haki, na baada ya Uhuru makosa mengi hayakusahihishwa. Waogiek wa msitu wa Mau ni mfano wa wachache. Walitolewa msituni mara nyingi, mpaka kesi yao ikafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na mwaka 2022 ikaiamuru serikali iwalipe fidia na kuwarudishia ardhi yao. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena.

(ii) Kazi na huduma. Watu wakiona kwamba barabara, maji na kazi za serikali hufuata ukoo wa aliye madarakani, kila uchaguzi huwa vita vya chakula.

(iii) Wanasiasa wasiojali. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza mapigano ya miaka ya 1990, iliona mkono wa wenye vyeo katika machafuko mengi yaliyoitwa ya kikabila.

(iv) Uvumi. Zamani ulipita kwa karatasi za usiku, leo wapita kwa simu. Wahitaji dakika chache tu, na kuukanusha kwahitaji siku nzima.

Kwa hiyo anayetaka kuzuia ugomvi asianze kwa kulaumu kuni. Aangalie viberiti viko mikononi mwa nani.

5. DAWA ZILIZOJARIBIWA

Wajir, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa mahali pa damu. Koo za Kisomali, hasa Waajuran na Wadegodia, zilikuwa zikiuana. Kundi la wanawake, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, lilianza mahali ambapo wanaume hawakupafikiria: sokoni. Walikubaliana kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweza kuuza na kununua pale bila kubaguliwa, nao wakasimamia jambo hilo wenyewe. Kisha waliwaendea wazee. Kwa kuwa koo kubwa zilikuwa zikigombana, wazee wa koo ndogo, zisizokuwa na upande, ndio walioombwa kuwakutanisha. Mwaka 1993 wazee walitia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Mwaka 1995 kazi hiyo iliunganishwa na ile ya serikali ya wilaya kuwa kamati ya amani, na mfano huo ukaigwa katika wilaya nyingi. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Twaona hapa kwamba mdogo si mtu wa kulindwa tu. Mara nyingine yeye peke yake ndiye awezaye kuaminiwa na pande mbili.

Baada ya msiba wa 2008 nchi iliandika sheria mpya. Msomaji afadhali azijue, maana sheria isiyojulikana ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini.

Sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano. Yasema kwamba ofisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja. Tena yafanya uchochezi wa chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai.

Katiba ya mwaka 2010 yaagiza serikali kuwa na mipango ya kuwapa walio wachache nafasi katika uongozi, elimu, kazi, maji na afya, na yaagiza kulinda lugha zao. Rais hana budi kupata, pamoja na zaidi ya nusu ya kura zote, angalau robo ya kura katika kaunti 24. Uwe na watu wengi kiasi gani nyumbani kwako, bado wahitaji kubisha hodi kwa wengine. Katiba hiyo iliweka pia mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, kwa sehemu zilizoachwa nyuma.

Sheria ya kaunti ya mwaka 2012 yasema kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa kabila lenye nguvu katika kaunti hiyo.

Je, sheria hizi zimefuatwa? Jibu la haki ni: kwa sehemu. Ukaguzi wa Tume umekuta mara kwa mara ofisi na vyuo vilivyopita ile theluthi moja. Fedha za mfuko wa kusawazisha zilichelewa miaka mingi. Lakini hata sheria iliyovunjwa yafaa kitu: yule aliyenyimwa ana mahali pa kuweka kidole na kusema, "Hapa mmekosea." Kabla ya hapo alikuwa na manung'uniko tu.

Hapa twakumbuka habari iliyo katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani, waliokuwa wachache, walisahauliwa katika ugawaji wa chakula, na watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wanyamaze wala wangoje. Walitaka watu saba wachaguliwe kusimamia kazi hiyo. Ukiyasoma majina ya hao saba utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Kanisa liliweka kijiko mikononi mwa wale waliolalamika, na ugomvi ukakoma kabla haujakua.

6. KAZI ILIYOBAKI NI YETU

Serikali ina sehemu yake. Lakini ugomvi mwingi huanza mahali ambapo serikali haiko: kisimani, katika kamati ya shule, katika kikundi cha akina mama, pengine hata katika baraza la parokia. Mambo manne yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tuwaandikishe watoto. Akina mama wazee wa mitaa wawajua watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa kuliko ofisi yoyote. Kumsindikiza jirani kwa chifu, na kumshuhudia kwamba twamjua, ni kazi ya asubuhi moja. Kwa huyo mtoto ni kazi ya maisha.

Pili, tusikie lalamiko likiwa bado dogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kila kamati tuulize: ni nani anayekaa hapa mtaani ambaye hana mtu humu ndani? Tukishamjua, tusimteulie msemaji. Tumwulize amtakaye.

Tatu, tuchunge ulimi. Yako majina ya dharau ambayo watoto huyapata nyumbani kabla hawajajua maana yake. Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua kwamba mtoto haji shuleni na ukabila alioutunga mwenyewe. Huuleta kutoka mezani kwa baba yake. Na ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi usipitishwe, hata kama umeletwa na rafiki.

Nne, tusisahau tulikotoka. Mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S. walianzisha kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Walikuwemo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, waliotolewa katika majahazi na kushushwa katika pwani ambako hawakuwa na ukoo, shamba wala mzee wa kuwasemea. Kengele yao yasimama mpaka leo pale Kengeleni. Watu hao wasio na kabila hapa ndio waliokuwa miongoni mwa walimu na wahubiri wa kwanza wa Kanisa letu la Pwani. Kama mtu angewauliza siku ile, "Ninyi ni wa wapi hasa?", wasingekuwa na jibu la kumridhisha.

Wapenzi wasomaji, amani haiji kwa hotuba za mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Hujengwa katika miaka ya katikati, wakati hakuna mtu anayeitazama, kwa kazi ndogo ndogo zisizoandikwa magazetini: jina katika daftari, nafasi moja ya kazi, njia ya ng'ombe kwenda mtoni, kiti kimoja katika kamati. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa ule uchunguzi wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walikuwa wakipitishwa kabla ya kupata kitambulisho. Kutangaza ni rahisi. Ofisini, mbele ya meza, ndiko tutakakojua kama swali la zamani limekoma kuulizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja namna tatu za udogo. Wewe mwenyewe umewahi kuwa mdogo wa namna ipi, na wapi?

2. Kwa nini sheria ya uraia ya 2011 peke yake haikuwasaidia Wamakonde kwa miaka mitano? Ni nini kilichopungua?

3. Kwa nini wazee wa koo ndogo waliweza kuwakutanisha watu wa Wajir? Je, mtaani kwetu kuna watu wa namna hiyo?

4. Kati ya viberiti vinne vilivyotajwa, ni kipi kilicho karibu zaidi na mahali petu leo? Ni nani anayekishika?

5. Andikeni majina ya kamati zote mnazozijua hapa: ya shule, ya maji, ya soko, ya zahanati, na ya kanisa. Katika kila moja, ni watu gani wa mtaa wetu wasio na mwakilishi? Chagueni kamati moja, mkubaliane hatua moja mtakayoichukua kabla ya kukutana tena, na mtaje ni nani atakayeitimiza.